MIKONO ILIYOFUNZWA NA JESHI ISIKAE BURE

Yuko kijana mmoja hapa Kwamsisi ambaye kwa miaka minne aliendesha lori la jeshi. Alilipitisha katika matope ya masika na katika misafara ya usiku. Sasa amerudi kwao, naye ni utingo. Alipokwenda kuuliza habari ya leseni ya magari makubwa aliambiwa, "Anza kama mwanafunzi." Ada hana. Basi hupakia mahindi katika lori ambalo angeweza kuliendesha.

Jambo hili si geni. Katika Vita Kuu ya Pili ndugu zetu waliendesha malori ya jeshi huko Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944. Waliporudi, madereva walikuwa wengi kuliko kazi, na wengi wakashika jembe tena. Lawama ile twaweza kuwatupia wakoloni. Lakini tangu Desemba 9, 1961, nchi ni yetu. Leo tutamlaumu nani?

Hatusemi kwamba magwanda ni leseni. Lori la jeshi huenda kwa amri. Basi la abiria hubeba akina mama na watoto, na dereva wake husukumwa na saa na nauli. Hatujasahau Februari 2023, lori na basi dogo la waombolezaji wa kwenda Moshi vilipogongana hapo Korogwe, wakafa watu zaidi ya 15. Ndiyo maana sheria yataka leseni ya daraja C kwa abiria na daraja E kwa malori mazito, na sheria ya 2019 imeipa LATRA kazi ya kuwathibitisha madereva wa biashara. Hayo ni ya haki.

Mwaka 2011 Marekani iliyaruhusu majimbo yake kumsamehe mtihani wa barabarani askari mwenye rekodi safi aliyeendesha magari mazito kwa miaka 2. Sisi hatuombi hata msamaha huo. Twataka hati ya jeshi ipokewe kuwa ushahidi wa mafunzo, na mwenye nayo apelekwe moja kwa moja mtihanini. Akishinda, apewe leseni. Akishindwa, akajifunze lile alilolishindwa, si kulipia upya yale ambayo kodi yetu ilikwisha kuyalipia.

Nanyi vijana mliotoka jeshini, tunzeni hati zenu, someni sheria za barabarani, wala msione haya kupimwa. Matawi yetu nayo yawasaidie kuandika barua na kuchanga ada.

Tusikawie. Mwezi uliopita dereva wa lori lile aliugua. Tajiri akamwambia kijana wetu, "Shika usukani usiku, hakuna atakayekuuliza." Akakataa, akakosa ujira wa siku ile. Ametii sheria na nyumbani kwake hakuna unga. Je, twataka akatae mara ngapi?