Mdimu Hautaki Shamba

Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia huyasikia malalamiko yale yale: ndimu zimepanda bei. Nao hao wanaolalamika huniambia ati mdimu ni mti wa mwenye shamba, na wao wakaao ghorofani hawana pa kuupanda. Mimi siyakubali hayo. Debe moja na jua la muda wa saa sita kwa uchache vyautosha. Kilichobaki ni maji, na maji tunayo. Twayamwaga mara tano kwa siku.

Nasema maji ya udhu. Katika mji wa Mombasa maji ya bomba ni ya kungojewa, na mwenye mkokoteni hauzi mtungi wa lita 20 kwa huruma. Mtu akiona kuunywesha mti maji ya kununua ni israfu, namwelewa. Lakini maji yaliyokwisha kutawadhiwa, ingawa hayafai kwa udhu mwingine, ni twahara, hayana sabuni, nayo huishia mferejini bure. Weka beseni chini ya miguu. Mdimu ulio ndani ya debe hutosheka na lita moja au mbili kwa siku, hata wakati wa joto la kaskazi.

Lakini yawe maji matamu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mdimu, kama jamaa zake mlimau na mchungwa, hauiwezi chumvi. Ndani ya chombo ndiyo balaa zaidi, kwani maji hukauka chumvi ikabaki, na majani yakaungua ncha. Mwenye kisima tu na akinge ya mvua, na masika yakifika aliache debe nje, mvua iusafishe udongo hadi chini. Bila shaka liwe limetobolewa; debe lisilo matundu ni kaburi la mti.

Wala jambo hili si geni duniani. Huko Versailles, Ufaransa, mfalme alijenga jumba zima kati ya 1684 na 1686 la kuhifadhia michungwa iliyopandwa masandukuni, isife kwa baridi. Hadi leo miti hutolewa nje joto likija. Sisi Mungu ametuondolea hata taabu ya kuiingiza ndani!

Wapo wenye nyumba wanaokataza. Hoja yao moja tu naikubali, nayo ni uzito. Nusu ya pipa iliyojaa udongo uliolowa huzidi kilo 100, na nyumba zetu kongwe za boriti si za kubebeshwa mzigo huo katikati ya sakafu. Na liwekwe pembeni, juu ya ukuta wa chini, au mtu abaki na debe lake. Ama kumkataza mpangaji debe moja la mdimu roshani, na huku juu ya paa pamepangwa matangi ya maelfu ya lita, hiyo si hoja ya uzito.