Stirio ya Mbao Bandia: Isafishe, Iuze, Usiivue Ngozi

Ndugu na dada zetu hapa Bankstown, swali hili limetujia mara nyingi sana, kwa hiyo leo tulijibu hadharani. Mtu amepata stirio ya miaka ya 1970 kwenye duka la mitumba, bei nzuri, inaimba vizuri, ila sanduku lake la rangi ya mbao limechubuka. Sasa anataka abandue ile plastiki, abandike mbao ya kweli, auze ghali, hela iende nyumbani. Maoni yetu: usifanye.

Kwanza ujue una kitu gani. Stirio na spika nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa chipbodi iliyofunikwa vinili, yaani plastiki nyembamba iliyochapwa mistari ya mbao. Wala haikuwa ujanja wa kumwibia mtu. Mnunuzi alilipia sauti, sanduku lilikuwa nguo tu. Marantz walikuwa wanauza risiva zao bila sanduku la mbao kabisa, ukilitaka unalipia kando. Kutambua si kazi ngumu: tazama kona. Vinili inazunguka kona kama karatasi ya kufungia zawadi, mistari haikatiki. Mbao iliyobandikwa ina maungio. Na palipochubuka, vinili hukunjamana kama mfuko wa plastiki, mbao humeguka vijiti.

Ikiwa ni vinili, msasa weka mbali. Ukiipiga msasa unafuta mchoro, chini hakuna mbao ya kung'arisha. Thina nayo usiguse, italamba rangi yote. Mafuta ya mbao hayaingii kwenye plastiki, yatabaki juu yananata na kukusanya vumbi. Kinachofaa ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri (chipbodi ikinywa maji inavimba, hairudi tena). Ukingo ulioinuka upashe moto kwa draya ya nywele mpaka ulainike, tia gundi, bana usiku kucha. Mikwaruzo ipake kalamu ya kuficha alama za fanicha, inapatikana Bunnings. Na kabla ya yote chomoa waya ukutani. Vya ndani usiviguse, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kuna kapasita zinazohifadhi umeme. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana huku ndiko watu wanakopotea. Tuseme umenunua kwa dola 60. Umesafisha kwa saa mbili, vifaa dola 10, ukauza 150. Umebaki na 80, sawa na dola 40 kwa saa. Sasa tuseme umevua vinili, ukanunua mbao ya kubandika, gundi na vanishi kwa dola 65 zaidi, umeongeza saa 9, na ukauza 220. Bei imepanda 70. Toa 65. Zile saa 9 zimekuletea dola 5. Kima cha chini cha mshahara Australia kuanzia 1 Julai 2025 kiliwekwa kuwa dola 24.95 kwa saa, nawe umejiajiri kwa chini ya senti 60! Bosi akikulipa hivyo ungemshtaki.

Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hii, lakini saa zako usiziache nje. Watu wetu wanahesabu gundi, wanasahau mgongo. Jumapili ya mtu aliyebeba zege siku sita ina thamani, hata kama ni thamani ya kulala tu.

Tukiona hesabu ya ada za watoto inangojea stirio iuzwe, hapo tunakuwa wakali. Ada ina tarehe. Stirio haina, inaweza kukaa miezi mitatu sebuleni kwa watu mnaoshea nyumba. Kwa hiyo tuma kwanza kutoka kwenye mshahara, biashara hii iendeshwe na kinachobaki.

Kodi nayo ipo. Ukinunua moja ukaichoka ukaiuza, hayo ni yako. Ukinunua na kuuza mara kwa mara kwa faida, ATO wanaiona biashara: unahitaji ABN na mapato unayatangaza. GST haikuhusu mpaka mauzo yafike dola 75,000 kwa mwaka, na kwa stirio tutashangaa ukifika. Mwenye viza ya mwanafunzi akumbuke kikomo cha saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Uliza kwanza kama saa hizi zinahesabiwa humo.

Unapotangaza, andika "vinili ya mchoro wa mbao". Mnunuzi wa vitu hivi anajua kona kuliko wewe, na akikukamata na uongo mmoja atadai punguzo la vyote.

Mwenye kutaka kubandika mbao kwa raha yake, sawa kabisa, ila aiandike kwenye burudani, si akiba. Avae barakoa ya P2, na matambara yenye mafuta ya linsidi asiyarundike chumbani, yanaweza kushika moto yenyewe. Ayatandaze nje yakauke.

Na kama unawaza kuipeleka nyumbani badala ya kuuza: stirio iliyouzwa Australia inafaa umeme wa Kenya na Tanzania, badilisha plagi tu. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 100, hiyo ni ya Japani, ukiichomeka moja kwa moja inaungua.