Maarifa ya Nyumbani: Volti, Ampea na Wati

Mwezi huu twataka kusema habari za umeme uingiao katika nyumba zetu, maana wako wengi wautumiao kila jioni, wala hawajui maana ya hesabu zilizoandikwa juu ya taa na pasi. Wengine hudhani ya kuwa ndani ya waya mna pepo akamataye watu. Sivyo. Umeme ni kazi ya Mungu kama maji na upepo, nao hufuata sheria yake siku zote. Aijuaye sheria hiyo hana hofu ya bure, wala ujasiri wa bure.

Fikirini pipa la maji lililo juu ya mnara. Kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu katika bomba. Msukumo wa umeme huitwa volti, kwa jina la Alessandro Volta, Mwitalia aliyetangaza betri yake katika mwaka 1800. Wingi wa maji yapitayo ni mfano wa ampea, kwa jina la Ampère, Mfaransa. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, ndicho kipimo cha wepesi wa kazi.

Mathalani, pasi ya wati 1150, itumiwayo Tanzania kwa volti 230, huvuta ampea 5. Taa ya wati 10 haifikii hata sehemu moja ya ishirini ya ampea. Na yuniti moja tununuayo ni wati 1000 kwa muda wa saa moja. Basi taa ile itawaka saa 100 kwa yuniti moja, bali pasi ikivuta bila kukatika itaimaliza kabla ya saa moja kutimia.

Sasa angalieni hatari. Waya mwembamba upitishapo ampea nyingi hupata moto, hata ngozi yake ikayeyuka na nyumba ikaungua. Ndiyo sababu ya fyuzi: ni uzi uyeyukao kwanza, ili umeme ukatike. Mtu atiaye waya mnene mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi wa mlango wake. Fyuzi ikikatika, usiulize kwanza, “Nitaiunganishaje?” bali uliza, “Ni nini kilichoikata?”

Tena, volti 12 za betri ya gari kwa desturi hazipenyi ngozi kavu hata kudhuru. Lakini volti 230 hupenya, na hata sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani yaweza kuua. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme upesi zaidi. Kwa hiyo usiguse swichi kwa mikono yenye maji. Mtu akinaswa, usimshike kwa mkono, usije ukanaswa pamoja naye. Zima swichi kuu kwanza. Isipowezekana, simama juu ya ubao mkavu, umwondoe kwa mti mkavu.

Enyi wazazi, wafundisheni mambo haya watoto wenu na watumishi wenu, wala msiwakataze tu bila kuwaeleza sababu. Bei ya fyuzi ni ndogo, bali uhai wa mtu hauna bei.