Yah: Mashindano ya tebo katika kata yetu

Kwako Ndugu Afisa Elimu Kata,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Tangazo lako limetufikia na limeshabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu: kila shule ichague wanafunzi watano wa Darasa la Tatu na watano wa Darasa la Nne, wasimame mbele ya wageni, waimbe tebo kuanzia ya 2 hadi ya 12, na atakayemaliza haraka zaidi bila kukosea apewe mkoba na madaftari. Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Mtoto asiyejua tebo akifika Darasa la Tano anakwama kwenye sehemu, anakwama kwenye KDS na KKS, anakwama kwenye asilimia, na hakuna mwalimu wa Hisabati asiyemfahamu mtoto huyo. Ninachoomba kibadilishwe ni namna ya kushindana.

Naomba nieleweke kwamba siko upande wa wanaosema kuimba tebo ni ukasuku. Mwenye darasa la watoto zaidi ya 80 na kipindi kimoja hana njia nyingine ya kumfanya kila mmoja afungue kinywa. Kuimba kunasaidia kukumbuka, na watoto wanapenda kuimba. Shida inaanza pale wimbo unapokwisha. Mwite binti aliyeimba tebo ya saba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kosa, umuulize ghafla: saba mara nane? Atatazama bati la paa, midomo itaanza kucheza, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na vidole vitakuwa vinahesabu chini ya dawati. Mwisho atakupa 56, na ni sahihi. Sasa muulize 56 gawanya kwa 8. Kimya. Hiyo haikuwemo kwenye wimbo.

Mashindano kama yalivyopangwa yatatoa zawadi kwa wimbo. Na sisi walimu tunajijua: kinachopewa zawadi ndicho kitakachofundishwa. Watoto kumi wa kila shule watatolewa madarasani kwenda kufanya mazoezi, nao ni walewale ambao tayari wanajua. Wengine wataachiwa zoezi la kunakili ubaoni.

Najua mtu atasema hata Uingereza wanapima kasi. Ni kweli: tangu 2022 watoto wa miaka 8 na 9 huko hupimwa tebo kwa kompyuta, maswali 25, sekunde 6 kwa kila swali. Lakini maswali yale yanaruka huku na huku. Hakuna anayeimba.

Halafu kuna huu mpangilio wa 2, 3, 4, 5 hadi 12, ambao tumeurithi na hatuuhoji. Tebo ya 1 hadi ya 10 zina majibu 100, na mtoto akiambiwa akariri majibu 100 ana haki ya kuogopa. Mimi naanza na ya 2, ya 10 na ya 5, ambazo mtoto anazipata haraka kwa sababu ameshazoea sarafu na noti. Kisha naleta darasani trei tupu ya mayai. Mistari mitano yenye nafasi sita sita, 30. Naigeuza upande: mistari sita yenye nafasi tano tano. Mwaka huu mtoto mmoja wa dawati la nyuma alipaza sauti, "Mwalimu, mayai hayajaongezeka!" Somo limekwisha. Tano mara sita na sita mara tano ni jibu moja, na kuanzia hapo hakuna sababu ya kukariri kila kitu mara mbili. Ukiondoa ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10, na ukihesabu kila jozi mara moja tu, yale 100 yanabaki 21.

Tebo ya 4 ni ya 2 iliyozidishwa tena kwa 2: 7 mara 2 ni 14, 14 mara 2 ni 28. Yanabaki 15. Tebo ya 9 inatoka kwenye ya 10: 9 mara 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Yanabaki kumi. Kumi tu, Ndugu Afisa, na magumu hasa ni yale ya 6, 7 na 8 yenyewe kwa yenyewe. Hapo ndipo nguvu zetu zote zingeenda, badala ya kuimba tebo ya 2 kila asubuhi mwaka mzima.

Jedwali lenyewe limechapwa nyuma ya madaftari mengi ya mazoezi. Wapo walimu wanaolichana jalada hilo ili watoto wasiibie majibu. Mimi nawaambia wachukue penseli wakate kila jibu wanalolijua, na kinachobaki ndicho cha kwenda nacho nyumbani. Tebo ya 8 naomba tuipeleke barazani: ubao wa bao una safu nne za mashimo manane manane, 32, na kete zake ni 64. Wazee hawajawahi kunikatalia. Kreti ya soda nayo ina chupa 24, nne kwa sita, na kila mtoto ameshatumwa dukani kuirudisha.

Kuhusu tebo ya 12, sikatai, dazeni bado ipo sokoni. Ila kuishia 12 kuliwafaa zaidi Waingereza, ambao hadi 1971 shilingi yao ilikuwa na peni 12. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100 tangu ilipoanza mwaka 1921. Tebo ya 12 ingeweza kungoja Darasa la Nne.

La mwisho ni fimbo. Mashindano huja na fimbo, hilo tusifichane. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe kitabuni. Kushindwa saba mara nane si utovu wa nidhamu. Tangazo likirudiwa, liseme hivyo waziwazi.

Ninachopendekeza ni hiki: siku ya mashindano usiletewe wanafunzi walioteuliwa. Ofisi yako ichukue rejista ya kila darasa na ichague majina kwa kura asubuhi hiyohiyo. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi na kutolewa ndani ya kopo, nusu ya kuzidisha na nusu ya kugawanya, na mtoto apewe muda wa kutosha kufikiri. Zawadi iende kwa darasa zima. Boksi la chaki linatosha.

Walimu wa taaluma wanaanza kuchuja washiriki Jumatatu. Naomba jibu kabla ya hapo, na kopo nitalileta mwenyewe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tatu