Tangazo Lisilobisha Hodi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumepokea swali la mama mmoja wa mji wa Kakamega, nasi tumeona kuwa si swali lake peke yake. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akisikiliza darsa la tajwidi katika simu ya babake. Kabla ya ustadhi kuanza, likatokeza tangazo la kamari, lenye ndege inayopaa na fedha zinazoongezeka. Katikati ya somo likaja jingine la aina hiyo hiyo. Mama akamkabili mumewe, akamuuliza ni nani aliyeileta kamari ndani ya simu ile. Mume akaapa kuwa hachezi. Tangu siku hiyo, asema mama, maneno baina yao yamekuwa machache. Basi ametuuliza mambo mawili. Je, tangazo lile ni ushahidi juu ya mumewe? Na je, dhambi ya tangazo lile ni ya nani?

Hatuwezi kujibu kabla ya kufahamu jinsi tangazo linavyofika mahali linapoonekana. Wengi hudhani kuwa mwenye darsa ndiye aliyelibandika, kama vile mwenye gazeti anavyopanga tangazo katika ukurasa wake. Sivyo ilivyo katika mtandao. Mwenye ukurasa huacha nafasi wazi, akaikabidhi kwa dalali, na dalali huyo aghalabu ni kampuni kubwa kama vile Google. Kila mtu anapoufungua ukurasa, nafasi ile hunadiwa, na mnada wenyewe huanza na kumalizika kabla hujafumba jicho na kulifumbua. Wanaotoa bei ni mashine za wenye kutangaza. Huangalia ukurasa unahusu nini, simu iko nchi gani na mji gani, ni saa ngapi, na simu hiyo imewahi kupita wapi. Tovuti huacha alama ndogo ndani ya kivinjari, ziitwazo vidakuzi, na kwa alama hizo mpita njia wa jana hutambuliwa leo. Atakayetoa bei kubwa na kuonekana anafaa ndiye atakayepewa nafasi. Fedha hugawanywa baina ya dalali na mwenye ukurasa, na mtoto wetu huona ndege inayopaa.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hili: tangazo si ushahidi. Huenda baba alifuatilia matokeo ya mpira, na kurasa za mpira hupendwa mno na wenye kamari. Huenda mtu mwingine aliiazima simu. Huenda hakuna lolote kati ya hayo, ila mashine imeona tu kuwa hii ni simu ya mtu mzima, iko Kenya, na ni jioni ya mwisho wa juma. Mashine haikumwona mtoto mwenye msahafu mapajani. Iliiona simu ya babake, ikaizungumza kana kwamba inazungumza na baba. Mola wetu katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametuonya juu ya dhana, na katika aya hiyo hiyo ametukataza kupelelezana. Mke hapaswi kumhukumu mumewe kwa ushahidi wa mashine isiyoapa wala isiyojua ni nani aliyeishika simu. Mume naye asikasirike kuulizwa, kwani aliyeuliza alikuwa akimhofia mwanawe. Waketi pamoja, waifungue simu pamoja.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa sababu mlango wa tangazo hauna mlinzi mmoja. Una walinzi watatu, na kila mmoja ana ufunguo wake.

Mlinzi wa kwanza ni yule anayetangaza. Yeye si abiria katika safari hii. Huduma za matangazo humruhusu kuchagua mada za kurasa anazotaka bidhaa yake ionekane, na kuandika orodha ya tovuti na video asizozitaka kabisa. Ufunguo huu uliongezewa meno mwezi wa Machi 2017, pale gazeti la The Times la Uingereza lilipofichua kuwa matangazo ya kampuni mashuhuri na ya serikali yenyewe yalikuwa yakionekana kando ya video za watu wenye siasa kali na chuki. Serikali ya Uingereza ikasitisha matangazo yake katika YouTube, kampuni nyingi zikafuata, na Google ikaomba radhi na kuahidi vidhibiti zaidi. Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Video zile zilikuwapo siku nyingi, na watu walikuwa wakilalamika. Dalali alifanya hima pale mwenye fedha alipouliza fedha yake imelala wapi.

Nasi tuna wafanyabiashara wetu. Yuko anayeuza mabuibui na mitandio mjini Kakamega, yuko anayeuza asali, yuko mwenye kusafirisha mahujaji. Wengi siku hizi hulipia matangazo ya mtandaoni, kisha hawaulizi yanatokea wapi. Huenda tangazo la buibui limesimama kando ya picha za utupu au masengenyo, na shilingi ya muuza buibui ikawa mchango wa kuuendeleza ukurasa ule. Biashara si adui wa dini. Wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka Pwani walifika Mumias, katika nchi ya Wanga, karne ya 19, wakiwa na bidhaa zao, na kwa njia hiyo Uislamu ukapata makao magharibi ya Kenya kabla hata ya reli kufika. Watu hawakuwajua kwa bidhaa zao tu, bali pia kwa mahali walipoketi na watu walioketi nao. Mfanyabiashara wa leo naye hujulikana kwa jirani anayejichagulia mtandaoni.

Mlinzi wa pili ni mwenye ukurasa, na hapa twasema na ndugu zetu wa madrasa, wa misikiti na wenye kurekodi darsa. Ni jambo la kheri kuieneza elimu, wala si haramu kwa asili yake kupata rizki kwa kazi hiyo. Lakini aliyeacha nafasi wazi katika ukurasa wa dini ameweka amana mikononi mwa dalali, na mwenye amana hawezi kusema kuwa hakuijua. Huduma nyingi humpa mwenye ukurasa mipangilio ambayo kwayo anaweza kuzuia aina nzima ya matangazo, kama vile kamari, pombe na kutafuta wapenzi, au kumzuia mtangazaji mmoja kwa jina, au kuyapitia yaliyokwisha kuonekana. Akizima matangazo yote katika darsa za watoto, pato lake litapungua, na huo ndio mtihani wenyewe. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Na iko hadithi mashuhuri juu ya pombe inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili yake, wakiwamo anayeibeba na anayebebewa, ijapokuwa hao huenda hawakuionja. Mwenye akili ataona mfano wa hilo. Na aliyekwisha kupata fedha kwa matangazo ya namna hiyo, wanachuoni wengi wameelekeza kuwa mali isiyo safi hutolewa kwa wahitaji, bila ya kuihesabu kuwa ni sadaka ya kujitafutia thawabu. Amwendee mwanachuoni anayemwamini, amweleze hali yake kwa ukamilifu.

Mlinzi wa tatu ni mwenye nyumba. Mama aliyetuandikia asivunjike moyo, kwani ufunguo wake si mdogo. Kwanza, mtoto asisome kwa akaunti ya mtu mzima. Afunguliwe akaunti yake, ikiwa na umri wake wa kweli na chini ya usimamizi wa mzazi, kwani mwaka 2021 Google ilitangaza kuwa haitawalenga walio chini ya miaka 18 kwa matangazo yanayofuata umri, jinsia au mapendeleo yao. Pili, katika akaunti za wazazi kuna sehemu iitwayo My Ad Center, iliyoanzishwa mwaka 2022, ambamo mtu anaweza kuomba apunguziwe matangazo ya kamari, pombe na kutafuta wapenzi. Twasema apunguziwe, si aondolewe kabisa, na hiyo ni tofauti ya kukumbukwa. Tatu, tangazo baya likitokea, lisipitishwe kwa kulikasirikia tu. Pembeni mwake kuna alama ndogo. Ukiibonyeza utaweza kulizuia au kulishtaki. Nne, na ndiyo bora kuliko zote, mtoto mdogo asiachwe peke yake na simu, hata kama anasikiliza Qurani.

Serikali nayo ina wajibu wake. Tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya Kenya iliyokuwa ikisimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikatiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari badala ya ile ya mwaka 1966. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Twashukuru kwa hayo, lakini siku 30 hupita, na mnada wa matangazo hauna mipaka ya nchi. Sheria hulinda barabara. Kizingiti cha nyumba hulindwa na wenyewe.

Na kizingiti hicho si jambo dogo katika dini yetu. Suratun Nur, aya ya 27, yatufundisha kutoingia nyumba za wengine bila ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Aya ya 58 ya sura hiyo yawafundisha hata watoto wa nyumbani kuomba ruhusa katika nyakati tatu za faragha. Umma uliofunzwa kubisha hodi kwa mzazi na kwa jirani unawezaje kumwacha mcheza kamari aingie chumba cha mtoto, saa yoyote, bila hodi wala salamu? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu haponyi mtu. Yaja akiwa na ahadi ya fedha, huondoka na ada ya shule.

Basi twamwambia mama wa Kakamega kwamba mumewe hajashtakiwa na lolote, na swali lake la nani mwenye dhambi limemgusa kila mmoja wetu: muuzaji asiyeuliza tangazo lake liko wapi, mwalimu asiyeangalia nini kimesimama kando ya darsa lake, na mzazi asiyejua simu yake inamwambia nini mwanawe. Kila mmoja ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga.

Twamuomba Allah azihifadhi nyumba zetu na macho ya watoto wetu, atupe rizki ya halali inayotutosha, na aziunganishe nyoyo za wanandoa waliotiliana shaka. Amin. Wabillahi tawfiq.