Likasi inaweza kujengwa ndani ya mchezo, lakini wazee waulizwe kwanza

Vijana wa nchi nyingi wanaujua mchezo wa kompyuta unaoitwa Minecraft. Ulitoka rasmi mwaka 2011, na kazi yake kubwa ni kujenga. Kila tofali lina mita moja kila upande. Watu wengi wanaweza kuingia pamoja kwenye seva moja, kila mtu akiwa kwao, na kupanga tofali juu ya tofali mpaka jengo linasimama. Kati ya majengo yanayoigwa humo kuna nyumba za watawa wa Kibuddha zilizo juu ya milima ya Asia. Kijana anayeweza kusimamisha mlima wa Bhutan bila kufika huko hata siku moja, kwa nini asisimamishe Likasi, mji anamolala na kuamka?

Anaweza, na inafaa afanye hivyo mapema. Lakini mfano wa nyumba ya watawa unaonyesha pia mahali ambapo kazi ya namna hiyo inakwama.

Tuchukue Paro Taktsang, ile inayojulikana kuliko zote. Ilijengwa mwaka 1692, ikashikamana na ukuta wa jiwe, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Picha zake za nje zimejaa kwenye intaneti: paa, kuta nyeupe, ngazi, mwamba. Lakini mgeni anayefika mlangoni anaacha kamera yake hapo, maana ndani hapapigwi picha. Basi anayeijenga kutoka mbali anapata ganda la nje. Vyumba, njia za ndani na mahali pa kusalia atavibuni mwenyewe. Aprili 1998 moto uliiteketeza Taktsang yenyewe, na kazi ya kuijenga upya ilikamilika mwaka 2005. Kwa kazi kama hiyo picha ya nje haitoshi. Anatakiwa mtu anayejua kila chumba kilikuwa wapi na kilikuwa cha nini.

Likasi iko katika hali hiyohiyo. Kwa satelite, mtu yeyote duniani anaona avenyu zake pana, paa za nyumba za zamani, kiwanda cha Shituru na reli. Ya ndani hayaonekani juu. Yako kwa mapapa na mamama waliofanya kazi humo, na watu hao wanapungua kila mwaka.

Mji huu uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa reli na kiongozi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Baada ya serikali ya Kongo kuitwaa kampuni hiyo mwaka 1967, ilizaliwa Gécamines. Kwa miaka mingi kampuni haikuwa mahali pa mshahara tu. Ilikuwa nyumba, shule, hospitali na posho. Kisha ikaanguka. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ule unaoitwa hadi leo "départs volontaires". Aliyeondoka akiwa na miaka 50 sasa amepita 70. Akifa, mpango wa karakana aliyoijua kwa macho na miguu unaondoka naye.

Tayari kuna wengine wanaotengeneza Likasi kwa niaba ya wakaaji wake. Mwaka 2016 ilitoka filamu kuhusu mapigano ya Septemba 1961, wakati wanajeshi zaidi ya 150 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipozingirwa Jadotville. Filamu hiyo haikupigwa Likasi, ilipigwa Afrika Kusini. Watu wengi duniani wanaoijua Jadotville wanajua ile ya Afrika Kusini. Hakuna ubaya watu wa Ireland kukumbuka askari wao. Ubaya ni pale picha yao inapobaki peke yake, bila mama aliyekuwa sokoni siku hizo wala papa aliyekuwa zamu ya usiku.

Mchezo huu umekwisha kutumiwa kwa mambo ya maana karibu na hapa. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilianza mradi wa Block by Block pamoja na watengenezaji wa Minecraft. Kati ya sehemu za kwanza ilikuwa Kibera, Nairobi, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga. Vijana walionyesha kwenye kompyuta uwanja wanaoutaka, badala ya kusubiri michoro ya wahandisi ambayo wengi hawawezi kuisoma. Mradi huo umefika zaidi ya nchi 30. Fundisho lake ni jepesi: mtu ambaye hajui kuchora ramani anaweza kupanga matofali, na mwenzake akamwambia, "Hapana, mlango ulikuwa upande huu."

Neno hilo la "hapana" ndilo litakaloipa thamani kazi ya Likasi. Vijana watano wakijenga avenyu moja kwa kutazama simu tu, watapata mapambo. Wakichukua mita na daftari, wakapima urefu wa ukuta, wakahesabu madirisha, kisha wakamwita mzee wa kartiye aketi mbele ya skrini na kusahihisha, hapo watakuwa na kumbukumbu ya mji.

Kuna wazazi watakaosema mchezo ni kupoteza wakati, na kijana atafute kazi kwanza. Hawana kosa la kuwa na wasiwasi. Lakini kupima, kuchora kwa kipimo, kuandika ushuhuda wa mzee na kufanya kazi kwa kikundi ni ufundi unaohitajika kwa fundi wa ujenzi, kwa mpimaji na kwa mwandishi wa habari pia.

Wengine watasema umeme wa SNEL unakatika na mega ni za bei. Hilo ni kweli zaidi. Ndiyo maana si lazima kununua Minecraft. Luanti, iliyoitwa Minetest hadi mwaka 2024, ni programu ya bure inayofanana nayo. Inakwenda kwenye kompyuta za zamani, na kompyuta zilizo katika chumba kimoja zinaweza kuunganishwa bila intaneti. Chumba kimoja cha shule, kompyuta nne na jenereta kwa saa mbili vinatosha kuanza.

Swali zito zaidi ni hili: Likasi ipi itajengwa? Ni rahisi kupenda villa za zamani na miti ya barabarani, kisha kuusimamisha mji wa wazungu peke yake. Huo utakuwa uongo uliopambwa vizuri. Kikula ijengwe, na kambi za wafanyakazi zijengwe pamoja na vyumba vyake vidogo, maana walioinua kuta za mji waliishi huko.

Kuna pia mipaka ya usalama. Shinkolobwe, mgodi uliotoa uranium ya mabomu ya atomiki ya Marekani, ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na si mahali pa kumpeleka kijana na mita yake. Na anayepiga picha kiwanda, gare au daraja bila ruhusa anaweza kujikuta akihojiwa na askari. Mlangoni Likasi pia, kama kule Taktsang, kamera inaweza kukataliwa.

Hapo ndipo wakubwa wa mji wanapohusika. Meya anaweza kutoa karatasi ya ruhusa kwa vikundi vya shule. Gécamines, mrithi wa Union Minière, inaweza kuombwa nakala za ramani za majengo yasiyo na siri tena. Université de Likasi inaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuwasikiliza wazee na kuandika majina, miaka na vyumba. Hakuna kati ya hayo linalodai bajeti kubwa.

Nyumba ya watawa ya Bhutan itaendelea kujengwa na wageni wasiojua ndani yake kuna nini, na watawa hawatapungukiwa kitu, maana wao wenyewe bado wamo. Likasi haina uhakika huo. Kuta zinaweza kusubiri miaka 10 mingine. Papa aliyefanya kazi Shituru, afuatwe juma hili.