Uzito wa mtoto na ugonjwa wa MS: barua kutoka Ujerumani kwa wazazi na walimu walioko nyumbani

Maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huifupisha kuwa MS, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika neva za ubongo, za uti wa mgongo na za macho. Ala hiyo ikichubuka, ujumbe wa ubongo huchelewa au haufiki kabisa. Wengi huanza kuugua utu uzimani, lakini wachache huanza kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aweza kulalamikia ganzi ya mguu, au jicho moja lililoingia ukungu na kuuma kila anapoligeuza. Daktari humwonyesha kitu chekundu, akimziba jicho moja kisha la pili. Kwa jicho lenye neva iliyovimba, wekundu ule huonekana umepauka.

Ugonjwa huu hauna chanzo kimoja. Kuna urithi, kuna upungufu wa vitamini D na moshi wa sigara, na kuna virusi vya Epstein-Barr, ambavyo uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulivipa nafasi ya kwanza. Unene uliokithiri utotoni umo humo pia.

Ushahidi wenye uzito umetoka Denmark. Shule za Copenhagen zilikuwa na desturi ya kuwapima wanafunzi urefu na uzito na kuyahifadhi majibu, hivyo watafiti waliweza kuwafuatilia watu zaidi ya 300,000 waliopimwa wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 13. Wasichana walionenepa sana walikuja kuugua MS zaidi ya wenzao. Kwa wavulana uhusiano ulikuwa hafifu. Umuhimu wake ni kwamba vipimo vilichukuliwa miaka mingi kabla ya maradhi, kwa hiyo haiwezekani kudai kuwa ni ugonjwa, au dawa zake, uliowanenepesha. Kusini mwa California nako, utafiti wa mwaka 2013 uliikuta hatari ikipanda kwa wasichana kadiri unene ulivyozidi. Tafiti za vinasaba zimeelekea huko huko.

Mafuta ya mwilini hayakai bure. Hutoa leptini na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe na kuiweka kinga katika hali ya kushambulia. Vitamini D huyeyuka ndani ya mafuta, ikabaki humo na kupungua katika damu. Unene pia huwahisha kuvunja ungo, jambo ambalo huenda likaeleza kwa nini wasichana wanaathirika zaidi.

Kwa mtoto aliyekwisha kuugua, uzito bado una neno. Uchunguzi wa Göttingen, hapa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kuwa wenye unene uliokithiri walirudiwa na mashambulizi mara nyingi zaidi wakiwa kwenye dawa za mwanzo, na wengi zaidi walilazimika kuhamishiwa dawa kali.

MS ni nadra karibu na ikweta, na hata kwa mtoto mnene uwezekano wa kuipata ni mdogo. Lakini unadra huo hausafiri na familia: utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 uliwakuta watoto wa wahamiaji, wakiwemo wa kutoka Afrika, waliozaliwa huko wakiugua kuliko kizazi cha wazazi wao. Na mijini Afrika Mashariki, soda na chipsi za kila siku zimekwisha kuzoeleka, huku mtoto aliyenenepa akisifiwa kuwa ushahidi wa malezi mema.

Mtoto mgonjwa asilaumiwe kwa mwili wake, wala asichekwe darasani. Wanene wengi hawaugui, na wembamba wengine huugua. Wazazi na walimu wanaombwa kumpa mtoto maji badala ya soda na nafasi ya kucheza juani kila siku. Na akisema jicho limefifia au mguu umekufa ganzi kwa siku kadhaa, apelekwe hospitali mapema, kabla ya kutafutiwa mganga.